Chembe za Kinga, Vumbi la Karasha na Makali ya Kifua Kikuu



Hoja yangu ni moja: makali ya kifua kikuu hayaletwi na bakteria peke yake. Hutegemea pia jinsi chembe za kinga za mgonjwa zinavyopambana. Tukilijua hilo, sisi watoa huduma za afya tutajua la kumuuliza kijana anayerudi kutoka machimbo ya Geita akikohoa.

1. Mapambano ndani ya pafu

Bakteria aliyegunduliwa na Robert Koch mwaka 1882 huvutwa kwa pumzi, kisha humezwa na chembe walaji, yaani makrofaji. Humo anaweza kuishi na kuzaliana. Baada ya wiki kadhaa hufika seli T za CD4 na kutoa interferoni gama, kemikali inayozipa makrofaji nguvu ya kuua. Kwa pamoja humzingira katika kivimbe kiitwacho granuloma. Kati ya watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 tu ndio huugua maishani.

Kwa wengine mapambano hupita kiasi. Chembe nyingine za kinga, ziitwazo nyutrofili, hujazana na kumwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama ya pafu. Hapo ndipo hutokea matundu, makohozi yenye damu na maambukizi kwa familia. Dawa za miezi 6 huua bakteria, lakini kovu hubaki.

2. VVU

VVU vikipunguza sana seli za CD4, matundu huwa machache na hadubini inaweza isione kitu kwenye makohozi, huku bakteria wakisambaa hadi kwenye tezi na utando wa ubongo. Mgonjwa aliye hoi anaweza kuwa na majibu hasi. Tusimrudishe nyumbani kwa sababu hiyo.

3. Vumbi

Karasha inaposaga mawe ya dhahabu, hutoka vumbi laini la silika. Makrofaji huimeza, hushindwa kuiyeyusha, kisha hufa. Pafu hupata makovu, ugonjwa uitwao silikosisi, na kupoteza walinzi wake wa kwanza. Mwenye silikosisi huwa na hatari ya kuugua kifua kikuu takriban mara 3 ya mwingine, na hatari hiyo haiishi anapoacha kazi. Akiwa na VVU pia, hatari huzidishana.

4. Mapendekezo

Kwanza, kila anayekohoa aulizwe kazi aliyowahi kufanya: duarani (shimoni mwa machimbo), kwenye karasha au kuponda mawe. Wanawake wanaoponda mawe wasisahaulike.

Pili, wote wanaokohoa wapimwe kwa kipimo cha GeneXpert, na wapimwe VVU na sukari.

Tatu, watu wanaoishi na VVU (WAVIU) wasio na kifua kikuu wapewe dawa kinga.

Nne, wenye karasha wamwagie mawe maji kabla ya kusaga.

Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulioanza mwaka 1977, kwa msaada wa Karel Styblo, uliionyesha dunia kwamba matibabu yanayosimamiwa vizuri huwezekana hata vijijini. Wachimbaji wetu wanastahili huduma hiyo mapema, kabla pafu halijatoboka.