Fedha Imfuate Kijana, Isingojee Cheti: Vyuo na Ufadhili kwa Wenye Ulemavu wa Akili



Nimepewa jukumu la kuzungumza katika warsha hii juu ya masomo ya chuo na fedha zake kwa vijana wenye ulemavu wa akili. Nami naomba idhini nianzie hapa hapa Tiira, Uganda, kwenye machimbo ya dhahabu, kabla sijafika kwenye sheria na mafungu ya Serikali.

Yuko kijana mmoja ambaye kazi yake ni kuwachotea maji wanaoosha mchanga wa dhahabu. Shuleni alikaa darasa la kwanza miaka mitatu, kisha akarudishwa nyumbani kwa kuwa herufi zilimshinda. Lakini kila afikishapo dumu moja la maji huokota kijiwe akakitia katika mfuko wa shati lake, na jioni, anapovimwaga vile vijiwe juu ya turubai mbele ya tajiri wake, hesabu ya safari haipungui hata moja. Dhuluma huingia baada ya hapo, kwani thamani ya noti haijui, naye hupokea chochote atakachopewa. Hakupata mwalimu wa kumvusha kutoka kwenye vijiwe hadi kwenye noti.

Sheria zetu hazikukosa nia njema. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yampa kila mtu haki ya elimu. Na mpango wa elimu ya msingi ulipoanza mwaka 1997 kwa watoto wanne wa kila nyumba, iliagizwa mtoto mwenye ulemavu atangulizwe. Chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2001, wanafunzi wenye ulemavu hutengewa nafasi 64 kila mwaka kwa gharama ya Serikali, na mwaka 2014 ikatungwa sheria ya mikopo ya elimu ya juu. Hata hivyo, fadhila zote hizi za chuo kikuu zimewekwa nyuma ya mlango wa mtihani wa kidato cha sita. Kipofu akipewa maandishi ya nukta nundu, na kiziwi akipata mkalimani wa lugha ya alama, huweza kuufikia mlango huo na kuufungua. Bali yule ambaye ulemavu wake umo katika kufahamu kwenyewe, mtihani huo ndio kizuizi chake, na kumwambia aushinde kwanza ndipo asaidiwe ni sawa na kumwambia kiwete apande ngazi ndipo apewe mkongojo.

Tukivuka mpaka pale Busia, hali haitofautiani sana. Kenya ina vyuo maalumu vya ufundi vinavyostahili sifa: Machakos kwa wasioona, Karen na Nyang'oma kwa viziwi, na Sikri kwa wasioona na viziwi, wala hakuna hata kimoja kati ya hivyo vinne kilichoasisiwa kwa ajili ya wenye ulemavu wa akili. Mtaala mpya wa huko umewatengea njia yao ya hatua kwa hatua inayoishia kwenye ufundi, jambo lenye hekima, lakini hatua ya mwisho yahitaji chuo cha kumpokea kijana na fungu la kumlipia.

Mwaka 2008 Kenya na Uganda ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 24 yataja wazi elimu ya juu, mafunzo ya ufundi na elimu ya watu wazima. Mwaka huo huo Marekani ilitunga sheria inayomruhusu mwanafunzi mwenye ulemavu wa akili, hata asiye na cheti cha kawaida cha sekondari, kupata ruzuku ya serikali akisoma programu maalumu iliyoidhinishwa, ambamo hufundishwa kazi na maisha ya kujitegemea. Na mwaka huo huo Uganda ilipitisha sheria ya mafunzo ya ufundi, iliyoruhusu ustadi wa mikono upimwe na kutolewa hati bila kudai vyeti vya shule. Basi ufunguo tunao. Uliokosekana ni mkono wa kuutia katika kufuli.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, karo na posho zilipwe kwa fundi amfundishaye kijana, awe seremala, mshonaji au mfuga kuku, na kipimo kiwe kazi iliyokamilika. Pili, Chuo Kikuu cha Busitema, jirani yetu tangu mwaka 2007, kiombwe kufungua karakana na mashamba yake kwa kozi fupi, pamoja na walimu wa elimu maalumu waliohitimu Chuo Kikuu cha Kyambogo. Tatu, kila fungu la ufadhili lihesabu nauli na ujira wa msaidizi, maana kijana asiyeweza kusafiri peke yake hunyimwa chuo na barabara kabla ya kunyimwa na mwalimu.

Naomba warsha hii isitawanyike kabla ya kuandika majina ya vijana wa namna hii katika kila kijiji kilichowakilishwa hapa, pamoja na kazi ambayo kila mmoja wao tayari anaijua. Na jina la kwanza, kwa upande wa Tiira, nitalitaja mimi.