MANENO YA SEKRETARIETI YA TAWI KWENYE MKUTANO WA WANACHAMA: KAYA ZETU NA MASIKA

Waliokosa mkutano watasoma haya kama yalivyosemwa.

Masika huanza Machi hadi Mei, na sisi tunakaa bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 hapa Dar es Salaam wengi tunayakumbuka. Kaya nyingi za Bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande. Maji yakishapita huanza maswali: wewe ni nani, nyumba ni ya nani, mtoto kazaliwa lini. Bila karatasi huna jibu.

Kwa hiyo kila kaya iweke pamoja leseni ya makazi au hati ya mauziano, vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, kadi za kliniki na daftari la kikoba. Mfuko wa plastiki uwe mara mbili, ufungwe vizuri, uning'inizwe juu karibu na mlango. Uvunguni hapana! Kila karatasi ipigwe picha, atumiwe ndugu anayekaa mbali na bonde, maana simu nayo huzama. Humo humo wekeni fedha taslimu kidogo. Mtandao ukikatika, salio la simu halinunui mkate.

Vyoo vyetu ni vya shimo. Vikifurika, maji yote ya jirani yanachafuka na kipindupindu hakiko mbali. Tukipiga hesabu ya lita 4 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupikia, kaya ya watu 5 kwa siku 3 inahitaji lita 60. Ni madumu matatu ya lita 20, yenye mifuniko.

Maji yakianza kuingia, zima swichi kuu ya umeme ukiwa bado umesimama pakavu. Usivuke mto kwa kujiamini: maji yaendayo kasi, hata ya sentimita 15, yanamwangusha mtu mzima.

Sasa fedha. Limeletwa pendekezo mfuko wa tawi ununue fulana. Sisi wa sekretarieti hatukubaliani nalo. Tunaomba zinunuliwe filimbi, tochi na kamba kwa kila shina. Fulana haimtoi bibi ndani usiku wa manane. Daftari la mapato na matumizi liko mezani, anayetaka kulikagua aje.

Tena, kila mjumbe aandike wasioweza kutoka wenyewe: wazee, wenye ulemavu, wajawazito, na mbele ya kila jina aandike nani atamtoa. "Vijana watasaidia" hatupokei; tunataka jina na namba ya simu. Ziandikwe nyumba zote, za wanachama wetu na wasio wetu, maji hayaulizi kadi.

Orodha zitufikie kabla ya Jumapili saa kumi jioni. Zimamoto na Uokoaji ni 114, bandikeni mlangoni.

Katibu wa Tawi