ALIYEBISHANA NA EINSTEIN, SAA YAKE IKAMSUTA

Vijana wenzangu, mtu akibisha jambo waliloafiki wakubwa, vijiweni hupewa moja ya majina mawili: shujaa au kichaa. Leo nawaletea mtu ambaye majina yote mawili hayamkai. Ni Louis Essen, Mwingereza aliyezaliwa 1908 na kufariki 1997.

Huyu bwana hakuwa mbabaishaji hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kupima, katika maabara ya taifa ya fizikia pale Teddington, karibu na London. Miaka ya 1940 wataalamu waliamini kuwa mwanga husafiri kama kilometa 299,775 kwa sekunde. Essen na mwenzake wakapima upya, wakapata 299,792. Wengi wakaguna. Fundi gani huyu anayewasahihisha magwiji? Hakugombana na mtu. Akatengeneza chombo bora zaidi, na mwaka 1950 akapata 299,792.5. Kipimo kinachotumika leo dunia nzima ni 299,792.458. Wenye kuguna wakafyata.

Mwaka 1955, yeye na Jack Parry wakawasha saa ya kwanza ya atomi za siziamu iliyoaminika kwa kazi. Ni mwaka uleule aliofariki Einstein. Tangu 1967 sekunde yenyewe inahesabiwa kwa siziamu. Kwa hiyo hata saa ya simu yako ina mkono wa Essen.

Sasa sikilizeni kasheshe. Mwaka 1905 Einstein alisema saa inayokwenda kasi huhesabu muda polepole kuliko iliyotulia. Vyuo vikuu vyote vilishakubali. Essen akakataa, tena peupe: mwaka 1971 alichapisha kijitabu Oxford akidai nadharia hiyo inajipinga yenyewe, inavuruga vizio vya kupimia, na imejengwa juu ya majaribio ya kufikirika tu. Baadaye aliandika kwamba hakuna aliyejaribu kuzijibu hoja zake, ila alionywa kuwa akiendelea atajiharibia kazi.

Hapo mimi niko upande wake. Mtu ameleta hoja, unamjibu kwa kumtishia mkate wake? Kama hoja ni mbovu, ivunje mbele ya watu. Tabia hiyo tunaijua, haina haja niitafutie mfano.

Lakini kuonewa si kuwa sahihi, na hapa vijana wengi tunateleza. Oktoba 1971 Wamarekani wawili, Hafele na Keating, walipanda ndege za abiria na saa nne za siziamu, wakaizunguka dunia kuelekea mashariki, kisha magharibi. Ukiigawa sekunde moja vipande bilioni, safari ya mashariki saa zilibaki nyuma vipande 59, ya magharibi zikatangulia vipande 273. Hesabu za Einstein zilitabiri hivyo, ndani ya kiasi cha makosa kilichokadiriwa. Essen akasema saa zile hazikuwa thabiti kiasi cha kutoa ushahidi. Si upuuzi; nani alizijua saa hizo kuliko yeye?

Mwaka 1977 saa ya siziamu ikapelekwa angani ndani ya setilaiti ya Marekani. Kwa siku kama 20 iliachwa makusudi bila kurekebishwa. Ikatangulia saa za ardhini kwa kiasi kilichotofautiana na utabiri kwa chini ya asilimia moja. Safari hii kisingizio cha saa za ndege hakikuwepo.

Leo ukiita bodaboda kwa simu, dereva anakupata kwa msaada wa setilaiti za namna hiyo. Mwendo wao unazichelewesha saa zake mikrosekunde 7 kwa siku. Kuwa mbali na mvutano wa dunia kunaziharakisha 45. Zinabaki 38 za kutangulia. Kiasi hicho kisiporekebishwa, kosa la umbali linaongezeka kama kilometa 10 kila siku: umesimama Kariakoo, bodaboda anakutafuta Mbezi. Ndiyo maana saa hizo hupunguzwa kasi kidogo kiwandani, kabla hazijarushwa.

Essen aliendelea kuandika dhidi ya Einstein hadi miaka ya 1980, akiwa mstaafu. Safari hii hakutengeneza chombo kipya.