Punda Naye Apumzike

Wazee walikuwa na msemo: afadhali punda afe, mzigo wa bwana ufike. Leo natutazame msemo huu, maana wengi wetu twautenda bila kuusema.

Huko Lamu, Mwea na Limuru, punda ndiye lori la mtu maskini. Hubeba maji, mawe, mchanga na mavuno. Hebu hesabu nami. Mtungi wa lita 20 za maji una uzito wa kilo 20. Mitungi 15 ni kilo 300, na mkokoteni wenyewe bado. Punda akisimama mlimani apate kupumua, huchapwa papo hapo penye kidonda cha jana. Akirusha miguu twasema: shukrani ya punda ni mateke. Lakini kati ya hao wawili, ni nani asiye na shukrani?

Utaniuliza, "Mchungaji, nisipofanya kazi watoto watakula nini?" Swali hilo ni la haki. Torati haikumkataza punda kufanya kazi. Lakini katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 23, Mungu alipoagiza pumziko la siku ya saba, alimtaja ng'ombe na punda hata kabla ya mwana wa mjakazi na mgeni. Kwa nini? Kwa sababu hao wote hawawezi kujipa pumziko. Limo mkononi mwa bwana wao. Mlango huo huo watuagiza kwamba tukimkuta punda wa adui yetu amelala chini ya mzigo wake, tusipite, bali tumsaidie. Ugomvi wako na mwenye punda haumhusu punda.

Sheria ya Kenya nayo, Sura ya 360, yakataza kumpiga mnyama kikatili na kumtwika kupita nguvu zake. Lakini askari hayupo katika kila njia. Wewe upo.

Ndugu mwenye mkokoteni, punguza mitungi. Tia kitambaa laini chini ya kamba. Umnyweshe punda kabla hujayauza maji yote. Nawe unayemkodi, usimshurutishe mwenyewe aongeze mzigo kwa bei ile ile. Uzito ule ni wako pia.

Na Jumapili, wewe ukiwa umeketi kanisani, je, punda wako yuko malishoni, au umemkodisha kwa jirani?

Fikirini hayo, wapenzi.