MAZUNGUMZO: MWANGA UNAOSAFIRI NDANI YA KIOO



Juzi tulipomaliza darasa, mzee mmoja alituuliza: "Ninyi walimu, ule mkongo wa simu uliofukiwa kando ya barabara una shaba?" Tukajua kwa nini anauliza. Wajukuu wamesikia kuwa shaba ina bei.

Haya basi, ndani yake mna nyuzi za kioo. Huo ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, nao unapita Shinyanga kwenda Mwanza. Uzi mmoja ni mnene kidogo tu kupita unywele. Maneno yako ya simu, na hata hela anayokutumia mtoto aliyeko Geita, hugeuzwa kuwa mwanga unaowaka na kuzimika upesi mno, ukapita humo.

Mtauliza, mwanga si huenda moja kwa moja? Mbona huu unakata kona? Hebu jaribuni usiku huu. Chukua chupa safi ya plastiki, toboa tundu dogo ubavuni, karibu na chini. Jaza maji, fungua kifuniko. Mulika tochi kutoka upande wa pili, ielekee tundu. Maji yakichuruzika kwa kupinda, kinga kiganja. Mwanga utauona mkononi! Umegonga ukingo wa maji ukarudishwa ndani, tena na tena. Daniel Colladon alionyesha jambo hili kule Geneva mwaka 1841. Katika uzi, kioo cha katikati kimezungukwa na kioo cha namna nyingine, na mpaka wa vioo hivyo ndio unaorudisha mwanga.

Nyuzi hizi zina aina kubwa mbili. Ipo yenye kiini kipana. Humo miale ni kama ng'ombe katika njia pana: mmoja ananyoosha, mwingine anayumba huku na huku, hawafiki pamoja. Habari huchanganyikana. Hiyo hutumika karibu, kama ndani ya jengo. Ya pili, kiini chake ni kama sehemu ya mia ya milimita tu. Ni ujia wa ng'ombe mmoja. Mwanga huenda makumi ya kilometa ndipo uongezewe nguvu. Ndiyo iliyofukiwa kwetu.

Sasa ninyi wa sururu, na wa mitaro ya maji: ulizeni ofisi ya kijiji kabla ya kuchimba kando ya barabara. Mkiukuta umekatika, msichungulie. Mwanga wake hauonekani, lakini unaweza kuumiza jicho. Vipande vya kioo navyo huingia ngozini kama miiba.

Mzee alicheka sana. "Kumbe wajukuu wangekesha wakichimba chupa!"