Parke ya Rughenda: nani atamwagilia maji mwezi wa saba?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana na wakaaji wa Rughenda, Butembo



Tunaanza na aibu yetu wenyewe. Kuna mteremko mmoja katika mji huu ambapo tulipanda miti. Tulivaa tisheti, tukapiga picha, tukatuma kwenye WhatsApp, watu wakatupongeza mpaka kutoka Kinshasa. Kisha tukarudi nyumbani. Mwezi wa saba, jua kali, hakuna hata mmoja wetu aliyepanda mlima na bidoni ya maji. Kilichobaki mbuzi walikimaliza. Leo ukifika pale utahesabu miche kwa vidole vya mkono mmoja. Hakuna adui aliyetufanyia vile. Ni sisi.

Kwa sababu hiyo leo hatuji kuwaomba mupande miti. Tunakuja kuongea juu ya nani atabaki wakati picha zimekwisha.

Hapa kwetu ukitaja parke, mzee anafikiria mara moja Virunga. Wabelgiji waliianzisha 1925, wakaipa jina la mfalme wao Albert, na kwa familia nyingi za upande wetu neno hilo ni mpaka usiovukwa, mlinzi na bunduki, shamba la babu lililobaki ndani. Mambo ya Virunga hatuyafungui leo, tungelala hapa. Lakini tunaelewa kwa nini mama mmoja alituuliza, “Munataka kutufukuza tena?” Hapana, mama. Tunataka mahali pa kuingia. Mahali ambapo mtoto anacheza mpira bila kukimbia motari, mwanafunzi anasoma chini ya kivuli, na mtu aliyekimbia vita huko kusini ya Lubero anaweza kukaa saa moja bila kuulizwa anatoka wapi.

Tunataka pawe pakubwa, na siyo kwa ajili ya sifa. Mji wetu uko juu ya milima, karibu mita 1,800 juu ya bahari. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kuingia: juu ni mabati, chini ni udongo uliogongwa na magari. Yanateremka na udongo wetu mpaka Kimemi, na njiani yanachimba korongo kando ya nyumba za watu. Bustani ndogo ya maua mbele ya ofisi haiwezi kumeza maji hayo. Majani mengi na miti mingi mahali pamoja, vinaweza.

Sasa tuongee juu ya karatasi, hata kama inachosha. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Wengi wetu tunaishia hapo, tunakata tamaa. Lakini kipengele cha 55 cha sheria ile ile kinasema kwamba ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote haiwezi kupewa mtu binafsi mpaka kwanza itolewe rasmi katika matumizi hayo. Maana yake kwetu ni rahisi: tukiwa na andiko linalosema “hapa ni mahali pa wote”, mwenye kutaka kukata parseli lazima kwanza avunje andiko hilo mbele ya macho yetu. Tusipokuwa nalo, siku moja asubuhi tutakuta mti wa mpaka umekwisha kusimikwa, na mtu ametuonyesha karatasi yake. Na Katiba, kipengele cha 53, inatupa haki ya mazingira mazuri na inatupa pia kazi ya kuyalinda.

Tangu mwezi wa tano 2021 mkoa wetu uko chini ya état de siège. Wanaoongoza mji ni watu wa sare, hatukuwachagua, na tangazo moja la redio linatosha kuwabadilisha. Basi ahadi ya mdomo haitutoshi, hata kama imetolewa kwa moyo safi. Tunaomba andiko, na kopi yake ibandikwe kwa chefu wa kartie.

Kuna watu waliopita njia hii yote mbele yetu. Nairobi, ndani ya mji, kuna msitu unaoitwa Karura, wenye hekta karibu 1,000. Mwaka wa 1998 ilijulikana kwamba vipande vyake vimegawiwa watu binafsi ili wajenge. Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miche pale pale. Mwezi wa kwanza 1999 walipigwa, yeye akaumizwa kichwa, wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia barabarani. Msitu ukapona. Sehemu hii wengi munaijua, na ndiyo tunapenda kuisimulia kwa sababu iko na damu na ushujaa.

Yaliyofuata hayasimuliwi sana. Kwa miaka mingi baada ya ushindi ule, watu waliogopa kuingia Karura, juu ya wezi. Ni kuanzia 2009 wakaaji wa jirani walipojipanga katika chama, wakafanya kazi pamoja na idara ya misitu, wakatafuta pesa ya uzio. Vijana wa Huruma, mtaa wa maskini ulio kando ya msitu, wakaajiriwa kuulinda. Mwaka wa 2011 ukafunguliwa kwa watu. Na hata hivyo haikuisha: 2025 kukatokea mvutano mkubwa juu ya pesa ya mlangoni, ipokelewe na nani. Msitu ulioshinda wenye nguvu bado unaweza kusumbuliwa na keshia.

Anayesema hayo ni mambo ya Wakenya, aende Lubero, aulize juu ya Tayna. Kuanzia 1998 machifu wa Batangi na Bamate walikubali wenyewe kulinda msitu wao na sokwe walio ndani. Serikali ilikuja kutambua hifadhi hiyo 2006, miaka minane baadaye. Wenyeji walianza bila kungoja.

Neno moja juu ya miti. Butembo tunapenda mikalitusi, na hatuitukani: imetupa mbao, makala, karo ya shule. Ukiikata inachipuka tena. Lakini inakunywa maji mengi, na chini yake majani mengine hayapendi kuota. Huko Karura nao walirithi mikalitusi mingi, wanaiondoa polepole na kurudisha miti ya asili. Sisi tuanze na ya asili. Prunus africana, kwa mfano, inapenda milima yetu. Maganda yake yametoka Kivu Kaskazini kwenda Ulaya kwa ajili ya dawa ya prostate, wakati hapa vijana wengi hawajui hata kuitambua. Ila tukumbuke tuko jirani na uwanja wa ndege. Kwenye njia ya kushuka na kupanda kwa ndege, hakuna mti mrefu. Pale tuache majani mafupi, na michezo ya watoto iwe mbali kabisa.

Pesa: ikiingia hata franka 500, iandikwe kwenye ubao mlangoni, kila mwisho wa juma, na mtu asiye wa harakati yetu awe ndiye anayehesabu. Tunasema hivi kwa sababu tunajijua.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, tunakutana kwa salongo. Hakuna kupanda siku hiyo. Tutapima mipaka kwa kamba, tutachagua mahali pa pepinyeri karibu na maji, na kila avenue itaandikisha majina ya watu wake wa zamu, juma kwa juma, mpaka mwezi wa saba ujao upite. Usipokuwa na nafasi ya kushika zamu, usijiandikishe kwa ajili ya picha. Leta jembe, leta kamba.

Na wenye mbuzi: tutawatembelea nyumbani wiki hii, kabla ya mche wa kwanza kuingia ardhini.