Julai Unguja: Tulisikilize Kusi

Leo nataka tuitazame safari ambayo wengi wetu hapa Dar es Salaam huipanga kila unapokaribia mwezi wa Julai, nayo ni safari ya Unguja.

Julai ni mwezi mwema wa kukitembelea kisiwa hicho. Masika yamekwisha, njia za mashamba zimekauka na kipupwe kimeingia. Lile joto la Februari, linalomfanya mtu atafute kivuli tangu asubuhi, halipo. Isitoshe, huo ndio mwezi wa Mwaka Kogwa kule Makunduchi, kusini mwa kisiwa. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili kinyongo cha mwaka mzima kiishie uwanjani, kibanda cha makuti huchomwa moto, na akina mama huimba wakiwa ndani ya nguo mpya. Mgeni hapo si mtu wa kuvumiliwa tu bali anatafutwa, kwa kuwa wenyeji huona si vyema nyumba kuipitisha sikukuu hiyo bila mgeni. Mimi nilipokwenda nilikuwa sijamaliza kuwaamkia wazee wa nyumba ya kwanza, nikaitwa kula nyumba ya pili.

Lakini tujiulize, Mwaka Kogwa ni sikukuu ya nini? Ni sikukuu ya mwaka wa Nairuzi, mwaka unaofuata jua wala si mwezi mwandamo. Una siku 365, nazo huhesabiwa kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua wakati wa kupanda, na mvuvi na nahodha walijua upepo gani unakuja. Manahodha waliokwenda Arabuni kwa kusi walikuwa na siku zao za kutweka tanga, na walikuwa na siku ambazo jahazi lilibaki bandarini, hata kama mzigo ulikuwa tayari na mwenye mzigo ananung'unika.

Basi angalia maajabu yetu. Tunakwenda kusherehekea kalenda ya pepo, na njiani tunaudharau upepo wenyewe!

Kusi huwa na nguvu sana kati ya Juni na Agosti. Kutoka hapa kwenda Unguja chombo kinaelekea kaskazini, na upepo unakisukuma kwa nyuma. Kurudi ni kwenda kinyume cha upepo na mawimbi, na hapo ndipo abiria wengi hujuta kwa nini walikula kabla ya kupanda boti.

Kujuta kwa kutapika ni jambo dogo. Tarehe 18 Julai 2012, Mv Skagit iliondoka Dar es Salaam kwenda Unguja katika upepo mkali, ikapinduka karibu na Chumbe. Waliokufa na waliopotea walizidi 100. Chombo hicho kilikuwa kimetumika Marekani, kubeba abiria katika maji ya ndani ya jimbo la Washington. Haukuwa umetimia hata mwaka tangu tarehe 10 Septemba 2011, pale Mv Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake. Tulilia, tukaomboleza, tukasema haitatokea tena.

Mwaka mmoja nilikuwa bandarini siku ambayo safari iliahirishwa kwa sababu ya bahari kuchafuka. Badala ya kushukuru, abiria walimjia juu kijana wa tiketi. Mmoja alisema ana harusi, mwingine akasema kazini wanamngoja. Kijana yule alitukanwa kana kwamba yeye ndiye aliyeuleta upepo. Ndugu msikilizaji, nahodha anayekataa kuondoka anastahili kupewa mkono. Tukimzoea kwa matusi, iko siku ataturidhisha, na kuridhishwa kwa namna hiyo ndiko kunakotuzika.

Kwa hiyo nasema hivi. Msafiri wa Julai, weka siku moja ya akiba kwenye likizo yako na fedha kidogo za siku hiyo. Tangazo la hali ya hewa linapotaja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, usibadilishe stesheni, unaambiwa wewe. Wenye vyombo, safari ikiahirishwa mrudishieni mtu nauli yake au mpeni siku nyingine bila ya kumzungusha, maana abiria anayehofia kupoteza fedha ndiye anayelazimisha safari. Nanyi wasimamizi wa bandari, hesabuni vichwa, na mtoto aliyepakatwa naye ni kichwa. Waajiri nao wajue kwamba mfanyakazi aliyechelewa kwa sababu ya kusi si mtoro.

Makunduchi haihami. Chakula kitapikwa, na nyumba ya mwenyeji wako itakungoja hata ukifika kesho yake. Wazee wetu walisema kawia ufike, na waliyasema hayo wakiijua bahari.